Fumbo Mfumbie Mjinga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ushairi, Sanaa na Wenye Nguvu

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na maswali huwa yaleyale. Darasani, msibani, kwenye daladala, hata kwa simu usiku. Nimeyakusanya hapa. Sikuyapanga kwa uzito. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yananichokoza, mengine yanatoshwa na mistari miwili.

Ni kweli kuna mshairi wa Kiswahili aliyefungwa kwa sababu ya shairi?

Anayetajwa kila mara ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa, na kisa chake wengi hukisimulia kinyume. Hakufungwa kwa shairi. Alifungwa kwa nathari.

Mwishoni mwa 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika kijikaratasi kilichoitwa "Kenya: Twendapi?" kikasambazwa kwa siri. Hakikuwa na vina wala mizani, na hakikuwa na fumbo hata moja. Kililalamika waziwazi juu ya namna serikali ilivyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU, kikauliza nchi inaelekea wapi. Alikamatwa, na mwaka 1969 akahukumiwa miezi 18. Upande wa mashtaka ukaona hiyo haitoshi, ukakata rufaa, kifungo kikawa miaka 3.

Mashairi yalikuja akiwa ndani. Aliyaandika kwa kificho kwenye karatasi za chooni, yakatoka gerezani vipande vipande. Aliachiwa 1972, na mwaka uliofuata yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi, na tuzo yenyewe ilikuwa imebeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia ndani. Nikifika hapo darasani, wanafunzi hudhani ninatania.

Yaani mkono mmoja, msimamo mmoja. Ulipoandika wazi ukatiwa pingu, ulipoandika kwa mafumbo ukapewa tuzo. Ukitaka kuelewa jinsi sanaa yetu inavyosema na wenye nguvu, anza na tofauti hiyo.

Fumbo linafanyaje kazi hasa? Si ni kuogopa tu?

Ndivyo wanafunzi wangu wanavyodhani mwanzoni: kwamba mshairi anajificha nyuma ya mamba au mnazi kwa sababu hana ujasiri. Mtu aliyekaa kizuizini peke yake miaka 3 na bado akatunga shairi linaloitwa "Siwati", la kukataa katakata kuuacha msimamo wake, huyo huwezi kumwita mwoga.

Chukua shairi lake la "Mamba". Yuko mamba anayejigamba mtoni, akidhani nguvu zake hazina mwisho. Basi. Hakuna rais, hakuna waziri, hakuna nchi. Sasa jiweke mahali pa mwendesha mashtaka. Ili umshitaki mshairi, lazima wewe mwenyewe usimame mbele ya hakimu useme: "Mheshimiwa, huyu mamba ni mkubwa wetu." Ukishasema hivyo, tusi limetoka kinywani mwako, si mwake.

Kazi ya fumbo ni kuuhamisha ushahidi kutoka kwa msemaji kwenda kwa msikilizaji. Anayekasirika amejitaja. Watu wa pwani walilijua hili zamani kabla ya magereza ya wakoloni. Mwanamke akipita uani kwa jirani akiwa amejifunga kanga yenye maneno, jirani akifoka, majirani wengine watauliza: kwani umetajwa?

Ila fumbo lina gharama yake. Asiyejua hadithi iliyo nyuma atasoma habari za mtambaazi wa mtoni. Nimewahi kusahihisha insha ya mwanafunzi aliyeeleza kwa ukurasa mzima jinsi shairi hilo linavyotufundisha kuhifadhi wanyamapori. Nilimpa alama za mwandiko.

Kwa hiyo kanga nayo ni fasihi?

Ndiyo. Ina mwandishi asiyejulikana, msomaji anayejulikana sana, na mchapishaji. "Japo sipati tamaa sikati." "Hasidi hana sababu." Maneno matatu manne tu, na aliyelengwa atayasoma hadi mwisho wa maisha yake.

Ushairi wetu wa kale si ulikuwa wa dini tu? Siasa si ililetwa na wasomi wa chuo kikuu?

Hapana, na kosa hili linaniudhi kwa sababu liko hata kwenye vitabu vya kiada.

Tazama Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, wa mwanzoni mwa karne ya 19. Juu juu ni wa dini kabisa: mtu anauonya moyo wake kwamba dunia inapita. Lakini mahali anapoichukua mifano yake! Ni majumba ya mabwana wa Pate, yenye taa, mazulia na vidaka vya kuwekea sahani za kichina, na sasa ndani ya vidaka hivyo ndege wamejenga viota. Pate ilikuwa imeanguka kweli, kwa vita vya ndani, kwa kugombea utawala, kwa biashara kuhamia kwingine. Mshairi hakumlaumu bwana yeyote kwa jina. Aliongea na moyo wake mwenyewe, na walioponda mali ya mji wakabaki kusikiliza mazungumzo yasiyowahusu.

Kisha yuko Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840. Kwake dini inakaa kando. Inasemwa kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Nina wasiwasi kidogo na usemi huo kwa sababu ushairi wa ngomani na wa harusini ulikuwako siku zote, ila hakuna aliyeona haja ya kuuandika. Hata hivyo Muyaka alitunga juu ya kila kitu: mapenzi, njaa, marafiki wanafiki, na zaidi ya yote ugomvi wa Mombasa ya Mazrui, ukoo uliotawala mji huo, dhidi ya Sayyid Said wa Oman na washirika wake wa Lamu. Lamu nao walikuwa na wao, Bwana Zahidi Mngumi. Miji miwili ikarushiana mashairi huku majahazi ya vita yakitayarishwa. Shairi likitoka Mombasa, Lamu walitakiwa kulijibu, na jibu lisipolingana kwa ufundi, aibu ilikuwa ya mji mzima.

Mwaka 1837 Mombasa ikaingia mikononi mwa Sayyid Said. Mashairi hayakuuokoa mji. Ila leo ukitaka kujua Mombasa ile ilijionaje, hati za wageni zitakupa hesabu za meli na mizinga. Kiburi cha mji, woga wake na matani yake utavipata kwa Muyaka. Hata hivyo viliponea chupuchupu. Beti zake zilibaki vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya, pamoja na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, miongo kadhaa baada ya mshairi kufa.

Utenzi wa Mwana Kupona si unawakandamiza wanawake? Kwa nini bado tunausoma?

Swali la haki. Utenzi wa 1858, mama mgonjwa anamwita bintiye aje na wino na karatasi, kisha anamfundisha kumtunza mume: umsinge, umpepee, umwombe radhi, pepo yako iko kwake. Ukiusoma kwa jicho la leo, mwili unasisimka.

Sasa ongeza mambo mawili. La kwanza, mume aliyefariki alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, aliyeongoza mji wake kumpinga Sayyid Said. Mwana Kupona alikuwa mjane wa mpiganaji, akimwacha binti katika dunia ambamo ulinzi wa baba umeondoka. La pili, anayenena juu ya kunyamaza kwa mwanamke ni mwanamke anayetunga, tena kwa ufundi ambao wanaume wa zama zake waliuonea wivu, na anawataka wanawake wengine wausome.

Wako wanaosema utenzi mzima ni kejeli: ukimtunza mume kama mtoto mchanga, umekwisha kumwambia yeye ni nani. Mimi sifiki huko. Naona mama anayempa mwanawe ramani ya nyumba yenye milango michache, na anamwonyesha yote iliyopo. Jamii imo humo kama ilivyokuwa. Ukikasirika nayo, utenzi haukuzuii.

Taarabu ilianza lini kusema mambo ya watu wa chini?

Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye miaka ya 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa, akiuza vyungu. Alipoingia mjini na kuanza kuimba, watu walimcheka kwa sura yake na kwa kaniki aliyoivaa, wakaimba kwamba kama si sauti angekula nini. Akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri si hoja, hasara ni kukosa akili. Hapo ugomvi ukaisha.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa imezoea Kiarabu, na yeye akaimba Kiswahili cha mitaani, juu ya kesi za mitaani. Wimbo wake wa "Kijiti" unahusu mwanamke mgeni, mjamzito, aliyerubuniwa na kuuawa Unguja. Muuaji alivuka bahari akatokomea bara. Waliohukumiwa ni wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu, waliokwenda mahakamani kama mashahidi. Siti akaiimba kesi nzima, na hakimu wake, na hukumu yake.

Hapo hakuna mamba. Majina yametajwa. Kwa nini hakufungwa? Nadhani ni kwa sababu ya masikio. Wakubwa wa mahakama ya kikoloni hawakukaa Ng'ambo, mitaa ya watu wa chini mjini Unguja, usiku kusikiliza santuri, na walioisikiliza hawakuhitaji kufumbiwa. Fumbo hutungwa kwa kumzingatia yule usiyetaka aelewe. Asipokuwepo, sema.

Hukumu haikubatilishwa. Lakini karibu miaka 100 imepita, jina la hakimu limepotea kwa watu wengi, na hukumu ya Siti juu ya hukumu yake ingali inaimbwa.

Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza. Aliwezaje kuandika Kusadikika?

Kwa kuipeleka nchi angani. Kusadikika, iliyotoka 1951, inaelea hewani, haina mkoloni wala Mtanganyika. Karama anashitakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande 6, yaani kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alirudi na mawazo ya kuinufaisha nchi, na kila mmoja akatupwa gerezani kwa shukrani.

Mzee wetu alikuwa karani akiandika barua za serikali mchana. Anayetafuta matusi kwa Mwingereza humo hapati hata moja. Anayejua maana ya kurudi kutoka safarini na wazo zuri ukaambiwa umevuka mipaka, haachi kuguna. Nami niseme kwamba Waingereza walipoondoka, kitabu hakikuchakaa. Ndiyo ubaya wa fumbo kwa mtawala mpya: analirithi likiwa na ukali uleule.

Mbona sanaa nyingine inawasifu tu wakubwa?

Inawasifu, tena tangu zamani. Mshairi naye anakula.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawaomba walieneze kwa watu. Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, wakaikamata kazi kwa ngonjera: mmoja anauliza kwa ubishi, mwingine anajibu kwa subira, mwisho wote wanakubaliana kwamba Ujamaa ni mzuri. Watoto wa shule waliziimba mbele ya wageni rasmi. Wengi wetu tuliozikariri tunaweza bado kunyoosha mkono kwa ishara zilezile.

Sizibezi. Zilifundisha watu kusema hadharani, na baadhi zina vina vitamu. Tatizo lao ni kwamba mbishi alijulikana atashindwa kabla hajafungua kinywa. Malumbano ya Muyaka na Zahidi yalikuwa na hatari ya kweli, kwa sababu ungeweza kushindwa.

Na kwa upande wa pili, msimsahau Nyerere mwenyewe alipokuwa mfasiri. Tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1969. Angeweza kuandika "mfanyabiashara" au "tajiri". Akaandika Mabepari wa Venisi. Miaka 2 tu baada ya Azimio! Neno moja kwenye jalada, na Shakespeare ameingia kwenye Ujamaa bila kuulizwa.

Kwa nini watu waligombana sana juu ya vina na mizani? Si mambo ya kitaaluma tu hayo?

Wangegombana hivyo kwa ajili ya silabi 16? Hapana.

Kanuni zilikuwa zimeandikwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu cha 1954: beti, mizani, vina vya kati na vya mwisho. Kisha 1974 akatokea Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatoa diwani ya Kichomi. Haina vina. Mistari inakatika anapotaka yeye. Malenga wengi wakapaza sauti kwamba hicho si kichomi cha kishairi, ni ugonjwa. Waliosema shairi bila vina ni maiti bila uti wa mgongo waliandika magazetini, kwa vina, bila shaka. Wasomi wakajibu kwamba vina vimegeuka pingu. Ibrahim Noor Shariff naye baadaye, katika Tungo Zetu ya 1988, akairudisha hoja pwani: ushairi huu una wenyewe, na una historia ambayo wageni wake hawajaisoma.

Sikiliza kilichokuwa kikigombewa. Lugha ya Kiswahili ni ya nani: ya mtu wa Lamu aliyeirithi, au ya mtoto wa Ukerewe aliyeipata shuleni? Nani ana haki ya kuivunja? Taifa jipya lilikuwa limekwisha kusema lugha ni ya wote, na ushairi ukawa mahali ambapo watu walijaribu kama tamko hilo ni la kweli.

Mimi nilianza upande wa vina, kwa malezi. Sasa nasoma vyote. Lakini nitasema hili bila kumung'unya: vina ni silaha ya kumbukumbu. Mashairi ya Muyaka yalidumu vichwani bila karatasi kwa sababu ya vina. Jaribu kuhifadhi Kichomi gerezani bila kalamu.

Na Kezilahabi huyohuyo aliwahi kuona riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya 1971, ikipigwa marufuku mashuleni, kwa sababu ilionyesha binti aliyelelewa kwa mjeledi, na walimu wanaowatumia wanafunzi wao. Walioipiga marufuku walisema inapotosha vijana. Vijana waliokuwa mashuleni walijua ni nani anayepotosha nani. Baadaye ikaja kusomwa kwa ajili ya mtihani.

Kama fumbo linalinda, kwa nini Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa?

Kisa chake kinalithibitisha hilohilo kwa njia nyingine. Mwaka 1977 alitoa vitu viwili. Kimoja ni riwaya ya Kiingereza yenye shutuma kali kabisa dhidi ya matajiri wapya wa Kenya. Ilizinduliwa Nairobi na waziri, Mwai Kibaki. Cha pili ni mchezo wa kuigiza wa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, alioutunga na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuchezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, kwenye ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe. Baada ya wiki kadhaa kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka akakamatwa, akakaa gereza la Kamiti bila kesi hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa.

Shutuma ni ileile, kilichobadilika ni masikio. Kiingereza kilikuwa fumbo kwa mkulima wa Limuru, na serikali ilitulia. Mchezo ulipoingia kwenye lugha yake, na yeye mwenyewe akawa mchezaji, fumbo likafunguka. Kinyume cha Siti, lakini kanuni ni moja.

Uchoraji je? Picha nayo inaweza kufumba?

Nenda Lubumbashi, Congo. Miaka ya 1970 kulikuwa na wachoraji wa mitaani waliouza picha za kutundika sebuleni. Picha moja ilipendwa mno: mfungwa mweusi amelazwa chini anachapwa fimbo, anayechapa ni askari mweusi, na bwana wa Kibelgiji amesimama anatazama. Imeandikwa kwa Kifaransa kwamba ni koloni la Wabelgiji. Ni ya zamani basi, ya ukumbusho, kama wenyewe wanavyoita picha za aina hiyo. Mobutu alikuwa madarakani, na hakuna polisi aliyeweza kukukamata kwa kuwachukia Wabelgiji. Lakini mwenye nyumba na mgeni wake, wakinywa bia chini ya picha hiyo, walijua fimbo haikuondoka na meli.

Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wa wachoraji hao, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, takriban picha 100, akimweleza kila moja mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili cha Katanga. Alitaka aitwe mwanahistoria. Kwangu alistahili. Ukisoma maelezo yake unaona anakatisha sentensi pale pale ambapo picha inaanza kusema. Baadaye, kwenye miaka ya mwanzo ya 1980, alitoweka, na hakujulikana alikoishia.

Hapa kwetu Tanzania mchoro unaofumba kila asubuhi ni katuni. Kipanya wa Masoud ni panya tu. Anaweza kusema jambo ambalo mtu wa kawaida angeitiwa wakili.

Na Bongo Fleva? Si wanaimba mapenzi tu?

Wengi, ndiyo. Na mapenzi nayo ni jamii, ila nisikukwepe.

Kabla ya Bongo Fleva alikuwepo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Congo, aliyefanya Dar es Salaam kuwa kwao. Mwaka 1990 alitoa "Mambo kwa Soksi", akiwashauri wanaume wavae kondomu wakati UKIMWI ukitajwa kwa kunong'ona. Radio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu wakaucheza kwenye kaseti na kumbi. Angalia: alisema "soksi", na bado ilionekana ni wazi mno.

Machi 2017 Nay wa Mitego alitoa "Wapo", akiuliza kama nchi bado ina uhuru wa kusema. Akakamatwa, na wimbo ukapigwa marufuku. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba Rais Magufuli ameagiza aachiwe na wimbo upigwe. Watu walishangilia, nami nilifurahi kwa ajili ya kijana yule. Lakini lilibaki jambo la kutafuna: wimbo uliuliza kama kuna uhuru, na jibu likaja kama ruhusa kutoka juu. Sijui kama alijibiwa ndiyo au hapana.

Mwalimu, mtihani unauliza: "Fasihi ni kioo cha jamii. Jadili." Niandike nini?

Andika mwalimu wako anachotaka ufaulu kwanza: toa mifano 4 au 5 kutoka vitabu teule, eleza dhamira, hitimisha.

Kisha, ukiwa na muda, uliza maswali ambayo sentensi hiyo inayaficha. Kioo kinashikwa na nani? Mwana Kupona alikishika akiwa ndani ya nyumba, Tshibumba alikishika barabarani. Kioo kinageuza kushoto kuwa kulia, fasihi nayo inageuza nini? Na kioo hakifungwi jela. Kama fasihi ni kioo tu, kwa nini kuna marufuku? Nimesahihisha mamia ya majibu ya swali hili, na karibu yote yanaanza na "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha…" Ukianza na karatasi za chooni za Abdilatif, msahihishaji ataamka.

Niambie kweli: kuna shairi lililowahi kubadilisha kitu?

Ukitaka shairi lililomwangusha mtawala, sina la kukupa. Mombasa ilianguka pamoja na mashairi yake. Muuaji wa wimbo wa "Kijiti" hakurudishwa. Kenya ilichukua miaka mingi mno kupata jibu la "Twendapi?", na wapo wanaosema halijapatikana.

Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 juu ya vita vya Maji Maji, mganga anaambiwa na wakoloni akiri kwamba maji yake yalikuwa uongo. Watu wameshakufa kwa maelfu kwa kuyaamini. Anakataa, kwa sababu neno limekwisha kuzaliwa na yeye hawezi tena kuliua. Hapo ndipo ninaposimama, na pananitisha. Neno lililozaliwa lilifanya makabila ya kusini yasimame pamoja, na neno hilohilo likawapeleka mbele ya bunduki. Anayesema sanaa ina nguvu asiseme upande wa raha peke yake.

Nataka kuanza kusoma. Nianze wapi?

Usianze na Al-Inkishafi, Kiswahili chake cha kaskazini kitakukatisha tamaa. Anza na Kusadikika, ni kitabu chembamba, utakimaliza Jumamosi moja. Kisha Rosa Mistika. Ukishazoea, chukua Sauti ya Dhiki uende moja kwa moja kwenye "Mnazi: Vuta N'kuvute", malumbano ya ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi. Lisome kwa sauti, wewe uwe Badi na mwenzako awe Alii, msibadilishane. Kabla hamjafika nusu mtakuwa mnagombana kweli, na hakuna atakayekuwa anauzungumzia mnazi.